Rais wa Karanga

Wifi yangu Kuruthumu ana wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimemsengenya, mwenyewe anajua. Kaka yangu Omari akicheka mbele ya redio, Kuruthumu hutoka jikoni na mwiko mkononi aulize ni mwanamke gani anasoma habari leo. Omari akisalimiwa njiani na mama wa watu, salamu ile itachambuliwa nyumbani kama mchele: kwa nini ilikuwa ndefu, na hizo "za siku nyingi" zilitoka wapi wakati juzi tu walionana sokoni.

Alizaliwa hapa hapa Ujiji. Baba yake alikuwa mvuvi, ziwa likamchukua, akalelewa na bibi yake aliyekuwa akipika kashata. Bibi alipoishiwa nguvu za mikono, Kuruthumu aliacha shule akiwa hajamaliza, akashika mwiko. Sukari anaijua kwa harufu. Anajua ni lini imeiva na ni lini inataka kuungua, na karanga zake hukaangwa mpaka ganda linatoka kwa kupulizwa tu. Kuna wapishi wengine mjini, siwataji, ambao kashata zao zimewavunja watu meno. Za Kuruthumu zinavunjika zenyewe.

Kashata zile ndizo zilizomfikisha kwa kaka yangu. Omari ni fundi wa karabai, zile taa za mafuta wanazobeba wavuvi kuitia dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nyumbani, na karabai zote zilizoharibika zinamjia yeye pale ufukweni Katonga. Jioni akirudi huoga, hubadilisha shati, huenda kwenye baraza la Mzee Chande kunywa kahawa. Na kahawa ya Ujiji bila kashata ni dawa ya homa, hainyweki.

Sasa baraza lile lina jambo lake. Kwingine watu wana Simba na Yanga. Pale walijaribu, wakapigana mpaka vikombe vikavunjika, Mzee Chande akapiga marufuku mpira. Wakatafuta kitu cha kubishania ambacho kiko mbali na hakiwezi kumletea mtu shida, wakapata marais wa Marekani. Wa kwetu wakati ule alikuwa mmoja, ungemchagua na nani? Basi kila mtu akawa na rais wake, awe hai au marehemu. Sheria zilikuwa chache. Rais mmoja hashikwi na watu wawili. Na ukimchukua lazima useme sababu, tena sababu itoke kwenye maisha yako, si kwenye redio.

Mzee Chande alikuwa na Lincoln, kwa kuwa aliwakomboa watumwa. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Ujiji hii, ukianza kuuliza babu ya nani alikuwa amefungwa mnyororo na babu ya nani alikuwa ameushika, kahawa itapoa. Feliksi wa reli alimchukua Kennedy kwa sababu alikuwa Mkatoliki kama yeye. Luqman muuza kahawa alimtaka Nixon. Alisema amependa kuona mkubwa anayeacha kazi akiwa bado anapumua.

Omari akabaki bila rais muda mrefu, wakamwita yatima. Kisha akamwoa Kuruthumu, na mwaka ule ule kule Marekani akaingia Carter. Redio ikasema huyu bwana alikuwa mkulima wa karanga. Omari akasimama barazani na kanzu yake ya harusi ambayo bado ilikuwa na harufu ya dukani, akasema: "Rais wangu ni mkulima wa karanga, kwa sababu mke wangu ni mpika karanga."

Wanaume walicheka, lakini maneno yale yalifika jikoni. Kuruthumu aliyapokea kama mahari ya pili. Mahari ya kwanza alipewa baba mdogo. Hii ilikuwa yake mwenyewe. Tangu siku hiyo Carter akawa mtu wa nyumbani. Aliposhindwa uchaguzi, Kuruthumu alikaa siku nzima amejifunga kanga kiunoni hataki kusemeshwa, na yule barazani aliyejitia kumshika Reagan alinyimwa kashata mpaka akamwacha.

Mungu hakuwapa mtoto. Miaka ikaenda, mashangazi wakaja na maneno yao ya pembeni, kwamba mwanamume haachwi akauke kama dagaa, aongezewe mke. Omari alikuwa anawapa kahawa na kuwaambia ameridhika. Kila waliporudi makwao Kuruthumu alikuwa ananiuliza mimi, wifi mtu: amesema ameridhika kwa sauti gani?

Ndivyo walivyoishi mpaka mwaka wa tisini na sita, ziwa lilipoanza kutuletea watu. Vita vya ng'ambo ya ziwa vilipamba moto, na kila mtumbwi ulioweza kuelea ulikuja na akina mama, magodoro, kuku na watoto wasiojua baba zao wako wapi. Wengi walipelekwa kambini. Wengine waliingia mjini kwa ndugu, maana nusu ya Ujiji ina mjomba Kabambare au shangazi Kasongo, wa kweli au wa kukisia. Barazani kwa Mzee Chande akaja Mwalimu Gervasi kutoka Uvira. Alikuwa mwembamba, suruali imefungwa kwa kamba, lakini kichwani amebeba marais wote wa Marekani tangu wa kwanza, na ndoa zao. Baraza lilimpokea kama timu inayopokea mchezaji mpya. Mtu akitaka kumwacha rais wake, Mwalimu alikuwa anamtafutia mwingine.

Alasiri moja Kuruthumu alipeleka sinia la kashata kama kawaida. Mwanamke hakai barazani, lakini hakuna sheria inayomkataza kuchelewa kuweka sinia chini. Akiwa bado ameinama akamsikia mumewe akisema anabadilisha. Anamwacha Carter, anamchukua Washington.

Mzee Chande akauliza sababu.

"Hakujaliwa mtoto," Omari akasema. "Akaoa mjane mwenye watoto wawili, akawalea kama wake. Leo anaitwa baba wa taifa."

Kuruthumu aliinuka na sinia lake, kashata zote juu, akarudi nalo nyumbani. Baraza zima lilikunywa kahawa kavu siku ile.

Alinikuta nachambua mboga uani.

"Wifi, kaka yako ana mjane."

"Umemwona?"

"Nimemsikia. Kamtangaza mbele ya watu. Ana watoto wawili."

Nikamwambia ni mambo ya Marekani, tena ya mtu aliyekufa zamani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosea kuhesabu. Akasema mwanamume aliyekaa na karanga miaka yote hii haachi karanga hivi hivi. Kama angemchukua mwingine kwa sababu ya vita au kwa sababu ya sura, sawa. Lakini sheria ya baraza inasema sababu itoke kwenye maisha yako. "Mjane mwenye watoto wawili," akasema, "ametoka kwenye maisha ya nani?"

Nikarudi kwenye mboga zangu.

Akaanza kumtafuta. Kazi haikuwa rahisi, mwaka ule wajane walikuwa wengi kuliko kuku. Alinusa mashati, akapata harufu ya mafuta ya taa, ambayo ni ya kazi, na chini yake harufu ya mawese. Mawese yanauzwa kila mahali. Akawa anabeba kashata zake mpaka mitaa ambayo hakuwahi kuuza, anaangalia nani ananunua, nani hanunui, nani anamwamkia kwa adabu iliyozidi. Ukimwona ungesema mkaguzi wa afya.

Alimpata mtaa wa Rusimbi, na waliomwonyesha ni watoto. Wavulana wawili walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, kila mmoja na kikoroboi chake, kitaa kidogo cha utambi kilichotengenezwa kwa kopo la mafuta ya kula ya msaada, yale makopo yenye picha ya mikono miwili inayoshikana. Makopo yale yalikuwa yamezagaa mjini kote, na mafundi walikuwa wanayakata kila siku. Lakini vikoroboi vile ukingo wake ulikuwa umekunjwa mara mbili ili usimkate mtoto kidole. Kigoma yote fundi anayekunja mara mbili ni mmoja. Mafundi wengine wanamcheka, wanasema anapoteza bati.

Kuruthumu aliniambia kwamba kama angewakuta wamekumbatiana asingeumia vile. Ule ukingo ndio uliomchoma. Mtu hakunji bati mara mbili kwa ajili ya watoto wasio wake ila awe ameshawaita wake moyoni.

Mwanamke alitoka ndani na chupa ya mawese mkononi akidhani ni mteja. Aliitwa Nasma, ametoka Baraka, mumewe aliuawa kabla hawajafika ufukweni. Alikuwa mdogo kuliko Kuruthumu, si mzuri wa kutisha, ila alikuwa na ule utulivu ambao wenye wivu hawauvumilii. Kuruthumu akamnyooshea kashata.

"Mimi ndiye mke wa fundi."

"Ninakujua," Nasma akasema. "Miye nilikuwa ninakungoja. Mwanamume akileta taa, bibi yake hayuko mbali."

"Amekwambia nini?"

"Aliniuliza kama nitakubali. Sijamujibu."

"Kwa nini hujamjibu?"

Nasma akakata kashata vipande viwili akawapa watoto, yeye hakula. "Batoto wanalala chini, mama. Ungekawia wiki moja ningemujibu ndiyo."

Ukweli wa namna hiyo hautukaniki. Kuruthumu alirudi nyumbani na matusi yake yote, hakupata pa kuyaweka. Hakumwambia Omari kitu. Alipika, akatenga, akakaa anamwangalia anavyotafuna.

Siku chache baadaye likatoka tangazo: wageni wote wanaoishi mjini bila kibali waende kambini, na mabalozi wa nyumba kumi wataje nani analala wapi. Nilikimbilia kwa wifi yangu. Nikamwambia Mungu amemjibu, akae kimya tu, gari litakuja Rusimbi lichukue mzigo wake, na yeye hatakuwa amemkosea mtu.

Alikuwa anamimina sukari kwenye karanga. Hakugeuka.

"Wifi, huko kambini kuna watu wangapi?"

Nikasema maelfu.

"Wanawasha nini usiku?"

Nikasema koroboi.

"Basi," akasema. "Kaka yako ataamka siku moja aseme kazi imehamia kambini. Atafunga bati lake kwenye baiskeli na hakuna atakayemlaumu, fundi anafuata taa. Atakaa huko mwezi, miwili, na mimi nipo hapa nakata kashata. Kila jioni nitakuwa nauliza wamelala wapi. Hapana. Yule mwanamke asiende mahali ambapo simwoni."

Hivyo ndivyo wivu ulivyofanya kazi ambayo huruma ingeshindwa, maana huruma ingelia kidogo ikalala. Kesho yake Kuruthumu alikwenda Rusimbi akambebesha Nasma chupa zake za mawese, akawashika wale watoto mkono mmoja huku na mmoja huku, akawaleta mpaka chumba chake cha uani. Kisha akaenda kwa balozi wetu, Bwana Dismasi, akamwambia amepata mgeni: mdogo wake, binti wa mjomba wake wa Kabambare. Dismasi alikuna kichwa. Akasema hakujua kama ana mjomba huko. Kuruthumu akamuuliza kama yeye anawajua wajomba wake wote. Mtu mzima hawezi kujibu swali hilo.

Omari alirudi kazini akakuta mjane wake anapepeta karanga na mkewe kwenye ungo mmoja. Akafurahi, masikini. Alidhani mke amekubali. Alioga, akavaa shati la Ijumaa, akaenda barazani amesimama wima kama mtu aliyeongezewa cheo. Alikuwa ameshamwambia Mzee Chande kwamba ana neno la kheri.

Kuruthumu akaja na sinia, na nyuma yake Nasma amebeba sinia la pili, na watoto. Mimi nilikuja pia. Tukio kama lile huambiwi na watu. Aliweka kashata chini, safari hii hakuinama muda mrefu.

"Shikamoo, Mzee Chande. Nimeleta mdogo wangu mumjue nyote. Huyu ni Nasma, mtoto wa mjomba. Na hawa watoto wananiita mama mkubwa." Akamgusa yule mtoto mdogo begani. "Na yule mwenye shati jeupe unamwitaje?"

"Baba mkubwa," mtoto akasema, kama alivyofundishwa mchana kutwa.

Luqman alimwaga kahawa nje ya kikombe.

Omari akakohoa. Akasema taratibu, kwa heshima, kwamba mdogo ni neno la mapenzi tu, mke wake ana moyo mzuri, lakini kila mtu anajua huyu si ndugu wa damu. Mzee Chande, ambaye anaijua dini, akatikisa kichwa kukubali. Akaeleza kwamba dini inakataza mtu kuoa ndugu wawili kwa pamoja, lakini undugu wa mdomo hauhesabiki, na mtoto wa mjomba pia si kizuizi.

"Nimekuelewa, mzee wangu," Kuruthumu akasema. "Basi twende kwa balozi sote. Mume wangu akamwambie Dismasi kuwa nilimdanganya, huyu si ndugu yangu. Gari la kambini lipo, wampandishe. Au ni mdogo wangu, akae kwangu, na mume wangu ni shemeji yake. Awe ndugu kwa serikali halafu awe mke mwenza kwangu, hilo mimi sitalipikia."

Nilikuwa namwangalia kaka yangu. Alitazama watoto, akatazama vikoroboi vyao ambavyo walikuwa hawaviachi hata mchana. Kama angesema neno moja la kukana undugu, wangelala kambini. Angeweza kwenda nao, ndiyo, lakini ingebidi kwanza awasukume. Mtu anayekunja bati mara mbili hawezi kumsukuma mtoto.

"Ni shemeji yangu," akasema.

Akakaa. Feliksi akampisha nafasi, kama msibani.

Msidhani Kuruthumu alipona. Nasma anaishi uani kwake hadi leo, anapika naye, na kashata zimeongezeka mpaka zinafika Mwamgongo kwa boti. Watoto wamenenepa. Lakini wifi yangu halali vizuri. Nasma akimtengea Omari chakula, anaulizwa kwa nini nyama imekaa upande ule wa sahani. Asipomtengea, anaulizwa anajificha nini. Watoto wakichelewa kusema "baba mkubwa" wanarudishwa nje waingie upya wakisema. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa, si amfungulie mwenzake kibanda mbali kidogo. Akasema adui ukimweka uani unajua anapika nini. Kisha akaenda kumfunika mtoto wa adui aliyekuwa amelala bila shuka.

Ila Kuruthumu hakumsamehe mjane yule jambo moja, nalo ni lile neno la wiki moja. Nasma alilisema kwa uaminifu na sasa linamla mwenzake polepole. Wakigombana kuhusu chumvi au maji, mwisho Kuruthumu hufika hapo: "Wiki moja." Nasma hucheka tu, anaendelea kupepeta.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za marais.

Omari alibaki na Washington mkononi bila sababu, kwa kuwa hakuoa mjane wala hakuwa baba. Sheria ni sheria, baraza likamnyang'anya. Akasema si neno, anarudi kwa Carter wake. Mzee Chande akapangusa midomo akamwambia samahani, Carter ameshachukuliwa.

Omari akauliza na nani.

Wakamwonyesha kwa kidevu. Kuruthumu alikuwa amesimama na sinia lake. Ile siku ya shemeji, kabla ya kuondoka, alikuwa ameomba ruhusa ya kuwa na rais, mwanamke wa kwanza katika baraza lile, na sababu aliitoa kwa ufupi: karanga ni zake, zilikuwa zake tangu mwanzo, kuna mtu aliziazima.

Kaka yangu akawa yatima tena. Alikaa hivyo muda, anakunywa kahawa anasikiliza wenzake wakibishana, mpaka Mwalimu Gervasi akamwonea huruma. Akamwambia yupo mmoja hana mwenyewe, anaitwa Buchanan. Alitangulia kidogo mbele ya Lincoln, na hakuoa maisha yake yote. Hakuwa na mke, hakuwa na mjane, hakuna wa kumuuliza kitu. Omari akafikiri. Akasema anamchukua, na sababu ni kwamba amechoka.

Baraza lilicheka mpaka Feliksi akashika ubavu. Kuruthumu hakucheka. Aliweka sinia, akafunga kanga upya, akamwangalia mumewe.

"Asiye na mke," akasema. "Kwa hiyo mimi nimeenda wapi?"

Nasma akamshika mkono wakaondoka. Njiani nilimsikia Kuruthumu akimuuliza, na akaendelea kuuliza mpaka tulipofika nyumbani, huyo Buchanan alikuwa anapikiwa na nani.